Gurudumu Lililonijibu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mvua, wewe ukiwa bado hujaonana na mtu yeyote wa dunia hii, na sisi tukiwa ndani ya pikapu kuukuu tukijaribu kukufikisha hospitalini kabla hujaamua kuzaliwa barabarani. Nimeirudia asubuhi hiyo kichwani mara nyingi mno, hata naogopa nimeanza kuipamba. Ndiyo maana naiandika sasa.

Mimi si mzee. Sina mvi hata moja, na huwa nazitafuta kwenye kioo. Lakini kwako wewe mimi ndiye mzee, hakuna namna, na mzee humwachia mwanawe maneno. Utanivumilia. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Mtu akiniandikia kwamba tutaongea baadaye, nakosa usingizi. Mama yako husema kwamba Mungu alinipa vichwa viwili akasahau kunipa kitufe cha kuvizima.

Wakati huo nilikuwa nimehitimu chuo, kazi sijapata, nikarudi kuishi kwa babu yangu hapa Kanja. Wewe unamwita Guka kama mimi, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Mama yako, Kendi, nilikuja naye kutoka kwao Kanyakine. Nyumbani tulikuwa sisi watatu na tuliongea Kiswahili, kwa sababu Kimeru chake na Kiembu chetu vinakaribiana kiasi cha kuchekana, lakini si kiasi cha kugombana vizuri.

Guka alikuwa na pikapu iliyonizidi umri. Ilikuwa imebeba majani chai, kahawa, ndama, maharusi, majeneza, na kwaya nzima ya kanisa ikiwa imesimama ikiimba. Sakafu yake ilikuwa imezibwa kwa kipande cha bati la paa, na mlango wa kushoto ulifungwa kwa ukanda wa raba ya tairi. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba pikapu ile ilikuwepo kabla ya barabara, na kwamba barabara ililetwa ili ipate pa kupita. Guka mwenyewe alikuwa akijivuna nayo bila aibu. "Hii haiharibiki," alikuwa akisema. "Watu ndio huharibika." Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu, akaacha kuendesha, akanipa ufunguo.

Sasa nikueleze jambo nililoliona tangu utotoni. Kila Guka alipomaliza kuteremka mlima mrefu, alisimamisha gari mahali tambarare. Alishuka, akavua kofia, akainama mbele ya gurudumu na kutema mate kidogo katikati yake. Kisha alitulia, sikio limeinama, kama mtu anayesubiri jibu. Halafu alienda kwenye gurudumu la pili, na la tatu, na la nne, polepole, bila kusema neno. Wewe utakua ukijua kwamba huku kwetu wazee hubariki kwa mate. Siku niliyoenda chuo, Guka mwenyewe alinitemea mate kidogo kifuani akisema maneno ambayo sitayaandika hapa, na nikatoka pale nikihisi nimevaa kitu kizito na kizuri. Basi kwangu mambo yalikuwa wazi: Guka aliibariki pikapu yake. Aliishukuru kwa kutufikisha chini. Sikuwahi kumuuliza. Mtu haulizwi kwa nini anasali. Nilikuwa nasimama pembeni, nimenyamaza, na mwili ukinisisimka.

Nilipopewa ufunguo nilirithi na desturi ile. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari nilizunguka, nikavua kofia ya jaketi, nikatema mate kwenye kila gurudumu. Guka, kwa ukungu wa macho yake, hakuniona. Nami nilifurahi kwamba kuna jambo moja maishani nililolifanya bila kulifikiria mara mbili.

Jioni ya kuamkia siku ile, mvua ilikuwa kubwa. Niliegesha pikapu kwenye mteremko kando ya nyumba, kama kawaida. Guka alikuwa amenifundisha kwamba wakati wa mvua gari liachwe ndani ya gia na jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu. Breki ya mkono iachwe huru. Nilisikia. Lakini nikawaza: na jiwe likiteleza je? Na gia ikiruka je? Nikaivuta breki ya mkono hadi mwisho. Nikaingia ndani. Nikatoka tena kwenye mvua nikaivuta zaidi.

Kulipopambazuka mama yako alinigusa bega.

"Njeru, amka. Ni leo."

"Una hakika? Kwa sababu nilisoma kwamba kuna uchungu mwingine huwa ni wa—"

"Mimi ndiye nausikia, wewe umeusoma. Washa gari."

Mwenye teksi tuliyekuwa tumepatana naye alikuwa amezima simu, na kwa tope lile hakuna mwenye bodaboda ambaye angempakia. Nilikimbia nje. Hata hivyo nilizunguka magurudumu yote nikitema mate. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiuno.

"Unafanya nini?"

"Nabariki."

"Bariki ukiendesha!"

Mbele kulikuwa na nafasi ya watu wawili walioketi vizuri, kwa hiyo Guka alipanda nyuma, amevaa koti lake la kanisani na juu yake karatasi ya nailoni ya kukaushia mahindi. Nilimwambia abaki nyumbani. "Na ni nani atakuonyesha barabara?" akaniuliza, yeye ambaye hakuweza kunitofautisha na mti nikiwa nimesimama.

Niliondoa jiwe, nikashusha breki ya mkono, na tulipotoka langoni mawingu yalifunguka. Mlima wote ulisimama pale juu ya mashamba ya chai, umeoshwa, na theluji ya kileleni ilikuwa karibu kiasi kwamba niliona baridi yake usoni.   Kuna asubuhi ambazo mlima hauonekani kabisa na unasahau kwamba unaishi miguuni pake. Asubuhi ile ni kama ulikuwa umekuja kuangalia ni nani anayekuja.

Halafu tukaanza kuteremka kwenda Runyenjes.

Tulipopita kona ya kanisa nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Hafifu. Nikajiambia ni koti la Guka. Kisha nikajiambia ni woga wangu, maana nimewahi kunusa moto mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na moto. Sikutaka kumtisha mama yako. Lakini gari nalo lilikuwa zito. Tulikuwa tunateremka, na bado nilikuwa nakanyaga mafuta ili lisonge. Nikasema ni tope. Nilikuwa na sababu ya kila kitu, mwanangu, na kila sababu ilinifanya niendelee kukaa.

Paa likagongwa kwa nguvu.

"Njeru! Mbona unakanyaga mafuta kwenye mteremko?"

"Ni tope, Guka!"

"Tope gani la hivyo? Husikii kitu?"

Nikasita. "Nasikia harufu."

"Tangu wapi?"

"Tangu kanisani."

"Na umenyamaza, na huyo mke wangu yuko ndani?" Guka humwita mama yako mke wake, kwa utani wa mababu. "Simamisha hapo kwenye kibanda cha majani chai. Ni tambarare. Usikanyage breki kwa hasira, acha gari lisimame lenyewe."

Tulisimama mbele ya kibanda ambacho wakulima hupimia majani. Guka alishuka, akasema kupitia dirisha: "Shuka uteme mate kwenye magurudumu."

Moyo wangu ulijaa. Kumbe alijua! Kumbe alikuwa akiniona siku zote! Nilivua kofia ya jaketi. Nikainama kwenye gurudumu la mbele, nikatema, nikatulia. La pili hivyohivyo. La nyuma kulia, kimya. Nikaja la nyuma kushoto, nikatema katikati, penye chuma.

Tsss!

Mate yalichemka, yakaruka, yakatoweka. Nilirudi nyuma nikakaribia kuanguka kwenye mtaro.

"Imesema nini?" Guka akauliza.

"Guka," nikasema, "hili limekataa baraka."

  Kisha kutoka kwenye kiti cha mbele nikasikia mama yako akianza kucheka. Alicheka huku ameshika dashibodi kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Limekataa nini?" Guka alikuwa ameinamisha kichwa kunielekea.

"Baraka. Si huwa unayabariki? Tangu nikiwa mtoto? Unavua kofia..."

"Navua kofia kwa sababu ukingo wake hugonga bodi! Njeru, mimi napima joto! Gurudumu zuri likitemewa mate linanyamaza. Likilia, breki imeshika. Ukilishika kwa mkono, unaacha ngozi hapo. Baraka! Mimi nibariki chuma, mimi mzee wa kanisa?"

"Usinichekeshe tena," mama yako akasema, "nitazalia hapa." Na kabla hajamaliza, kicheko kilikatika. Uso wake ulikunjamana, akainama, akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya chini, ndefu, kama ya mtu anayesukuma mlango wa jiwe. Nilisahau gurudumu. Nilisahau aibu. Nilisimama kwenye tope nikimtazama, na nikaelewa kwamba kati ya sisi sote pale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa kazini.

Mwanamke mmoja alitokea kati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni. Baadaye tulimjua kuwa Mama Ndwiga. "Ni nani hapa anacheka na kulia kwa pamoja?" akauliza, kisha akaona, akatua kikapu, akaingia ndani ya gari bila kukaribishwa. Alimshika mama yako tumbo na mgongo. "Muda upo," akaniambia. "Lakini si wa kupiga hadithi."

Nilichukua mtungi wa maji ili nilimwagie lile gurudumu.

"Weka chini!" Guka alifoka. Sijawahi kusikia akifoka vile, kabla wala baada. "Hiyo drami ya breki ni sufuria ya chuma. Ukiimwagia maji baridi ikiwa moto inapasuka. Halafu tutabaki hapa, na mtoto atapewa jina la Kibanda."

Basi akanielekeza, na mimi nikafanya. Mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine, makubwa, yaliyokaa vizuri. Ubao chini ya jeki ili isizame kwenye tope. Nilihakikisha breki ya mkono imelegezwa hadi mwisho, nikainua gari kidogo, nikajaribu kuzungusha gurudumu kwa kulisukuma kwa mguu. Halikutikisika. Nikatandika gunia nikaingia chini.

"Nyuma ya gurudumu kuna waya wa breki ya mkono," sauti ya Guka ikaja. "Unaishia kwenye mkono mdogo wa chuma. Huo mkono umelala mbele au umerudi?"

"Umelala mbele."

"Umeshikwa na kutu. Upe mafuta."

Tulikuwa na chupa ya oili iliyokwisha kutumika. Nilidondosha matone pale waya unapoingia, nikasubiri yanywewe, nikagonga kwa mgongo wa panga.

"Polepole! Si nyoka huyo."

Nikagonga polepole. Juu yangu mama yako alipumua kwa mdomo, na Mama Ndwiga alimwambia, "Ndiyo, mama, hivyohivyo." Nikagonga tena. Ule mkono wa chuma uliruka nyuma kwa mlio mdogo mkavu.

Nilitoka nikiwa tope tupu. Nilisukuma tairi kwa kidole kimoja tu, na gurudumu likazunguka. Likaendelea kuzunguka. Halikutoa sauti. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, na lile gurudumu zee, lililobeba watu wa kijiji chetu hai na wafu, lilielea pale hewani likigeuka peke yake, jepesi kama kitu ambacho hakijawahi kubeba lolote. Nimesoma mengi juu ya msuguano. Sikujua unaweza kutaka kulia ukiuona umeondoka.

"Ni nani aliyevuta breki ya mkono hivyo?" Guka akauliza.

"Ni mimi."

"Nilikuambia nini?"

"Jiwe na gia. Lakini nilikuwa na wasiwasi."

Nilijua maneno yanayofuata. Nimeambiwa maisha yangu yote niache wasiwasi. Lakini Guka alinishika bega, akalitafuta kwanza maana hakuliona vizuri, akasema, "Kijana wangu, sikukatazi wasiwasi. Leo pua yako imesikia moto kabla ya sikio langu. Makosa yako ni kwamba unauweka ndani na kukaa nao kwenye kiti, unaongea nao, unaubembeleza. Wasiwasi ukija, useme kwa sauti. Kisha shuka ukaangalie. Ukikuta kuna kitu, tengeneza. Ukikuta hakuna, panda twende. Haya, shusha jeki."

"Gurudumu bado ni moto."

"Litapoa likizunguka. Gia ya kwanza. Acha injini ishike gari, usiguse breki mpaka nikuambie."

"Njeru," mama yako akaita, "kama mmemaliza mahubiri!"

Tukaenda. Mama Ndwiga alijibana kati yetu na kikapu chake kikabaki kibandani na majani yote. Tuliteremka kwa gia ya kwanza, injini ikinguruma, na Guka nyuma akaanza kuimba wimbo wa kanisani huku karatasi yake ikipepea. Karibu na daraja pua yangu ikanishtua tena. Zamani ningenyamaza.

"Guka! Nasikia harufu!"

Wimbo ukakatika. "Ya namna gani?"

"Kama kitu kimechacha!"

"Ni kiwanda cha kahawa, wanaosha! Endesha!"

"Na mimi nasikia mtoto," mama yako akasema. "Semeni yangu pia."

Baada ya daraja nilisimama mahali tambarare. Nilishuka mbio, nikatema mate kwenye gurudumu la kushoto, nikainamisha sikio. Mate yalitelemka taratibu kwenye chuma, yakanyamaza. Nikapanda. Tukapanda mlima wa mwisho, tukafika kwenye lami, mjini, na kwenye geti la hospitali, ambapo Mama Ndwiga alikuwa akipiga kelele dirishani tangu mbali ili watu wapishe.

Tulifika, mwanangu, na wewe ulifika muda mfupi baadaye. Muuguzi alitufungulia mlango, akakuweka mikononi mwangu ambayo ilikuwa bado na oili kwenye kucha. Ulikuwa na hasira. Ulikuwa na uzito wa pakiti moja na nusu ya unga, na ulinitazama, au ulitazama mwanga nyuma yangu, sijui. Nilingoja wasiwasi uje, maana sasa nilikuwa na jambo la kweli la kuhofia hadi nife. Haukuja. Kilichokuja kilikuwa kikubwa kuliko huo na sikukipatia jina. Guka alisogeza uso hadi pua yake ikagusa paji lako, akasema kwa mnong'ono, "Huyu namwona."

Basi nisikilize. Utaishi huku kwenye miteremko na matope, na siku moja utapewa ufunguo wa kitu kilichochakaa. Msimu wa mvua, egesha kwa gia na jiwe, usiache breki ya mkono ikishika kutu. Mlima unaoupanda kwa gia ya pili, uteremke kwa gia ya pili. Maji ya rejeta yaangaliwe asubuhi injini ikiwa baridi, kamwe usifungue kifuniko chake kikiwa moto. Oili ipimwe gari likiwa tambarare, la sivyo itakudanganya. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee. Mimi niliingia siku ile, na hilo usilirithi, weka gogo au jiwe chini ya chesi, yaani fremu ya gari, kwanza. Ukikwama kwenye tope, acha kukanyaga mafuta, kata matawi ya mti wa mukima uyatandike. Mifereji ya paa isafishwe kabla mvua haijaanza, na kuni ziingizwe ndani kungali na jua. Na lolote unaloliona wazee wakilifanya kwa unyenyekevu, uliza. Huenda ni ibada, huenda wanapima joto. Yote mawili yanastahili kujulikana.

Lakini kubwa ni hili. Ikiwa umerithi kichwa changu, usikionee aibu. Akili yako ikikuambia kuna kitu, iheshimu kiasi cha kufungua mlango na kutia mguu kwenye tope. Usimfiche hofu mtu anayesafiri nawe; gari ni lenu nyote.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kuchafuka, na sikio la kusubiri jibu. Akupe jirani atakayeacha kazi yake shambani kwa ajili yako, nawe uwe jirani huyo kwa mwingine. Akuteremshe salama kila mlima atakaokupandisha. Na siku utakapobeba maisha ya mtu mwingine mikononi mwako kwa mara ya kwanza, ushangae kama nilivyoshangaa mimi, na usizoee kamwe.